Siku Mbwa Wetu Alipobebwa kwa Ngobyi

Kule Nzahaha, upande wa Rwanda, zamani zile ambapo gari likipita watu walitoka nje kulitazama, mgonjwa aliyeshindwa kutembea alibebwa kwa ngobyi. Ngobyi ni kitanda cha kusuka, kina miti miwili mirefu ya kuweka mabegani, na kila kilima kilikuwa na chake. Ukizaliwa pale au ukihamia pale, unaingia katika chama cha ngobyi hata kama hupendi bantu, yaani watu, maana ugonjwa wenyewe utakupenda siku moja. Mimi nilihamia. Nilitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu, nikaoa Nzahaha na nikakaa huko huko kwa wakwe, jambo ambalo wazee wetu wa Bushi, kwetu nilikozaliwa, hawakulipenda hata kidogo, lakini waliokasirika wote wameshalala udongoni, kwa hiyo tuwaache. Ninachotaka kusema ni kwamba nilibeba. Nimebeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa, nimebeba wazee, nimebeba muntu mmoja aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi na njia nzima alikuwa anatufundisha namna ya kubeba. Bega langu la kulia lina nundu mpaka leo. Wajukuu wakiigusa nawaambia hiyo ndiyo shule niliyomaliza, maana ile ya mwalimu na ubao niliiacha mapema.

Sheria za ngobyi hazikuandikwa mahali popote na hakuna aliyezisahau. Mgonjwa anafunikwa nguo, na nguo hiyo haifunuliwi njiani na muntu asiye wa nyumba yake, kwa sababu ugonjwa una aibu zake. Hamuulizani maswali mengi. Ukikutana na ngobyi, unaweka mzigo wako chini, unaingiza bega mahali pa yule aliyechoka, unampeleka mgonjwa wa wenyewe kama wako. Na ukiipokea miti chini ya mlima, unaiacha juu ya mlima. Katikati hapana. Kuna familia moja, siisemi, babu yao aliachia miti katikati ya mlima, na hadi wajukuu wakienda kuposa wanakumbushwa.

Sasa mbwa. Alikuwa na rangi ya tofali lililoiva, masikio yamesimama, moja limekatika ncha kwa ugomvi wa ujana. Jina lake lilikuwa la muntu mkubwa sana wa wakati ule, kwa hiyo ninaliacha. Nilimpata akiwa anatosha kwenye kofia, akakua nami wakati nilipokuwa mchuuzi wa maharage. Nilikuwa nikishuka na mizigo mpaka mpakani Rusizi ya Kwanza, kuwauzia wamama wa Bukavu, na yeye nyuma yangu kila safari. Pale barieri, kizuizi cha mpaka, mimi nilikuwa na karatasi ya kuvuka, yeye hana. Basi nikivuka daraja na gunia moja, mengine yanabaki chini upande wa Rwanda, na yeye anabaki nayo.

Siku moja mpagazi fulani, jitu la mabega, alikalia gunia langu apumzike. Mbwa hakumng'ata. Hakubweka hata. Alimwacha akae vizuri, halafu akalala mbele ya miguu yake. Yule bwana alipotaka kuinuka, mbwa alipandisha mdomo wa juu kidogo tu, meno yakaonekana, bwana akakaa tena. Niliporudi kutoka Bukavu nilimkuta bado amekaa, jasho linamtoka, wapagazi wenzake wamemzunguka wanamuuliza hicho kiti amekinunua wapi.

"Papa," akaniambia kwa upole sana, "sema na huyu mukubwa wako aniachilie. Niko na kazi."

Tangu hapo pale barieri waliniita Papa wa Mbwa, na sikukataa. Kuna watu wana majina ya vyeo na hawana cha kuonyesha. Mimi nilikuwa na cha kuonyesha, na kilikuwa na mkia.

Miaka ikaenda, mdomo wake ukawa mweupe kama wa muntu aliyekula unga, akawa anapanda mlima kwa kusimama-simama. Nilimngoja. Yeye aliningoja mara ngapi?

Ugonjwa haukupiga hodi. Jioni alikula, akalala mlangoni. Asubuhi nikafunga mizigo, nikapiga mluzi, hakuja. Nilimkuta nyuma ya nyumba amelala ubavu, mbavu zinapanda na kushuka haraka kama za kuku aliyefukuzwa. Pua ilikuwa kavu na ya moto. Nikamfungua mdomo: ufizi umekuwa wa njano, kama ametafuna manjano. Na pale chini yake mkojo ulikuwa wa rangi ya kahawa nzito. Nimeona wagonjwa wengi, nimesema nimewabeba, lakini mkojo wa rangi ile nilikuwa sijauona. Nisiseme uongo, nilikaa kwenye matope.

Majirani walikuja, wakasema ni uzee, wakasema mbwa huwa anajua siku yake, mmoja akauliza kama nina jembe au aniazime la kwake. Alisema kwa roho nzuri. Kwa hiyo nisingeweza hata kumtukana.

Mama wa batoto, mke wangu, hakuwa muntu wa mbwa. Kwao mbwa anakaa nje, anatupiwa, basi. Lakini usiku wote nilipokwenda kulala Bukavu bila mizigo, nikimwacha nyumbani, miaka yote ile, yule mbwa alilala akiwa amebana mgongo kwenye mlango wake, na hilo Mama wa batoto alikuwa hajawahi kulisema mpaka siku ile. Alimwangalia, akaniangalia mimi na matope yangu, akasema mjini Kamembe kuna veterineri, daktari wa ng'ombe, kwa nini nimekaa.

Nilijaribu kumweka begani kama mbuzi. Alitoa sauti ambayo kwa maisha yake yote hakuwahi kuitoa, hata siku alipokatwa sikio. Nikamshusha. Njia ya Kamembe ni ndefu, ni milima juu ya milima. Kulikuwa na namna moja tu ya kufika na mgonjwa wa namna ile, na kila muntu pale alikuwa anaijua, na hakuna aliyetaka kuitaja.

Nikaenda kwa mzee aliyetunza ngobyi ya kilima. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja: "Kesho binti yangu akishikwa na uchungu, nimulaze mahali mbwa amekojoa?" Mimi ningekuwa yeye ningesema vilevile. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani na mikono mitupu, na hasira ambayo haikuwa na muntu wa kuipokea.

Nikamkuta Mama wa batoto amekwisha kuvunja mlango wa jiko. Ulikuwa mlango wa matete, ameusuka mwenyewe, umebana vizuri. Amechomoa miti miwili iliyokuwa inaegemeza migomba, ameifunga kando-kando ya mlango kwa kamba, anakaza fundo la mwisho kwa meno. Nikamwuliza mbuzi wakiingia jikoni itakuwaje. Akasema mbuzi watakuta sufuria tupu. Halafu akaingia ndani, akatoka na kitenge chake cha misa, kile kimoja, akamfunika mbwa mpaka kichwani kwa sababu jua lilikuwa limeanza kupanda. Nimeona harusi kubwa katika maisha yangu. Sijamwona mwanamke anayependeza kama yule aliyekuwa na kamba mdomoni.

Shemeji yangu, ndugu yake, fundi wa kuchoma matofali, alikuja kutazama kinachoendelea. Huyo alikuwa na ulimi. "Shemeki," akaniambia, "benzako bakiingia kwa bantu banaleta ng'ombe. Weye ulituletea mbwa, na sasa tumubebe." Lakini alikuwa anasema huku anakunja mikono ya shati, akaenda nyuma, akainama chini ya miti. Mimi mbele. Ngobyi ya muntu inabebwa na wanne. Sisi tulikuwa wawili, kila mmoja miti yote miwili mabegani. Tukaondoka.

Hatukwenda mbali, tukakutana na wanaume wawili wenye mikungu ya ndizi za pombe kichwani. Kabla sijafungua mdomo, mikungu imeshawekwa chini. Mmoja akaja kwangu, mwingine kwa shemeji, wakachukua miti. Yule wa mbele akasema tu, "Mwihangane," yaani jikazeni. Tukajibu asante. Nikamtazama shemeji, shemeji akatazama mawingu.

Hawakuuliza. Sheria inasema usiulize na usifunue, na mimi mgeni wa kilima nilikuwa nani nianze kuvunja sheria za watu walionipokea? Basi walitupandisha mlima mzima wakaturudishia miti juu, wakarudi kufuata ndizi zao. Baadaye wakaja wengine. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha viazi alitembea kando yetu kitambo, akaangalia umbo lile dogo chini ya kitenge, akasema kwa huruma kwamba wazee wakikaribia kwenda wanakuwa hivyo, wanapungua. Akatuombea. Shemeji akasema amina, na alikuwa amemaanisha.

Kila tulipopumzika niliinua ncha ya kitenge, namtilia maji ya kibuyu kwenye ulimi. Mara ya kwanza alimeza. Mara iliyofuata maji yalitoka pembeni. Jicho lilikuwa wazi, linanitazama, lakini kama linanitazama kutoka ng'ambo ya mto. Nikamwambia shemeji tukaze mwendo, akainua miti kabla sijamaliza kusema.

Chini ya ule mlima mrefu wa kuingilia Kamembe, tulikutana na mchuuzi wa ng'ombe. Njia ile yote walimjua. Muntu mrefu, koti zito hata jua likiwaka, kofia, fimbo ndefu, alikuwa anatoka kutazama ng'ombe za watu na wachungaji wake nyuma. Huyo hata mkubwa wa komini, mtawala wetu, alimsalimia kwanza. Alipoona ngobyi alivua kofia. Akampa mchungaji fimbo, akavua na koti, akaja kwangu akasema nimpishe. Nikasema, "Muzee, acha tu, tutafika." Akasema mimi nimechoka na hapo hapana mabishano. Akaingiza mabega yake.

Basi tukapanda, yeye mbele, shemeji nyuma, mimi natembea kando nikiwa nimeshika kitenge kisidondoke. Alikuwa na nguvu yule mzee, alipanda kama anateremka. Watu waliokuwa wanashuka walisimama pembeni na kuvua kofia, wengine kwa ajili ya mgonjwa na wengine kwa ajili yake. Na hapo, katikati ya mlima kabisa, mbwa akasogea. Alisogeza kichwa mbele, kikatoka chini ya kitenge, akaweka pua yake ya moto shingoni kwa yule mzee.

Mzee aligeuza uso kidogo. Akaona. Hatua zake hazikukatika.

"Papa," akaniuliza, sasa anatazama mbele, "hii ninabeba ni nini?"

"Ni mbwa, Muzee."

"Mbwa."

"Mbwa yangu. Ni mugonjwa sana."

Akapanda. Nilisikia pumzi yake, na nyuma nilisikia shemeji ameacha kupumua. Nilikuwa najua kitakachofuata: ataweka miti chini, na yeye akiweka chini, njia nzima itajua kabla ya saa kupita, na hakuna bega lingine litakaloingia. Na mimi sikuwa na nguvu ya kumaliza mlima ule.

"Tuko katikati ya mulima," akasema.

"Ndiyo, Muzee."

"Nikimuweka hapa, batasema nilibeba mbwa na nikashindwa. Nikimufikisha, batasema nilibeba mbwa." Akakaza mabega. "Heri ya pili. Mufunike kichwa, jua ni kali."

Juu ya mlima angeweza kutuachia, sheria ilikuwa imetimia. Hakutuachia. Alitupeleka mpaka mlangoni kwa veterineri, katikati ya Kamembe, saa ambayo watu wamejaa.

Pale palikuwa na ng'ombe wamefungwa, na wenyewe wamekaa kwa mstari. Veterineri alikuwa muntu wa heshima, alinieleza vizuri kwamba dawa alizonazo zimeletwa kwa ajili ya ng'ombe, na kwamba yeye mbwa hajawahi kumdunga. Nilikuwa nafikiri nipige magoti. Yule mchuuzi akapita mbele yangu, bila koti, shati limelowa jasho mpaka kiunoni.

"Daktari," akasema, "leo sikupanda na ng'ombe. Nimepanda na huyu."

Wenye ng'ombe wakaanza kucheka, halafu wakaona uso wake, wakaacha. Veterineri akainama. Akamtazama ufizi, akamfunua masikio, akapekua kwenye makwapa, akatoa kupe mmoja aliyevimba kama punje ya maharage. Akasema ni ugonjwa wa kupe, unakula damu, ng'ombe wanao wa kwao na mbwa wana wa kwao. Dawa moja inaweza kusaidia wote wawili. Lakini mbwa ni mzee, na moyo wa mzee unaweza kusimama kwa sindano ile ile. "Akikosa sindano atakufa. Akipata sindano, anaweza kufa. Chagua weye mwenyewe."

Niliwahi kuchagua mambo mengi kwa haraka katika maisha yangu, na mke nilimchagua kwa siku moja ya soko. Lile lilinichukua muda. Nikakumbuka alivyokuwa akikaa barieri na magunia, hana karatasi, hana mtu, anatazama daraja. Hakuwahi kuondoka kwa sababu nimechelewa. Nikasema adungwe.

Wakampima uzito kwa mizani ya kahawa ya duka la jirani, ananing'inia ndani ya kitenge cha misa, na wenye ng'ombe wote wamekuja kutazama. Mimi nilimshika kichwa. Mchuuzi alimshika miguu. Sindano ikaingia, akatetemeka mwili mzima, akanyooka, na nikafikiri basi, nimemwua kwa mkono wangu. Halafu akapumua.

Tulilala kwenye zizi la veterineri, kwenye nyasi, shemeji, mimi na yeye. Shemeji angeweza kurudi nyumbani. Alisema amengoja matofali yakauke maisha yake yote, kungoja ndiyo kazi anayoijua. Asubuhi mbwa alilamba maji kutoka mkononi mwangu. Mkojo ukaanza kufifia, kahawa ikawa chai. Siku nyingine akasimama, akaanguka, akasimama tena kwa hasira. Na siku aliyombwekea fahali wa watu kwa sababu alisogelea ngobyi yetu, veterineri mwenyewe alitoka nje akacheka, akasema tumwondoe kabla hajaanza kutoza ushuru.

Tukarudi polepole sana. Mbwa mbele kwa miguu yake, akikaa kila akitaka, sisi nyuma na ngobyi tupu begani, maana mlango wa jiko huwezi kuuacha Kamembe. Hapo sasa ndipo tulipokosea. Kule kwetu ngobyi ikirudi tupu watu wanajua mgonjwa amebaki, ama kwenye kitanda cha hospitali ama udongoni. Kila tuliyekutana naye alisimama akatupa pole. Yule bwana wa ndizi tulimkuta kwenye shamba lake, akaja na jembe mkononi, akauliza kwa sauti ya chini mzee wetu amelala lini.

"Hakulala," nikamwambia. "Ndiye huyo anakojoa kwa muti wako."

Alimtazama mbwa. Niliona uso wake ukienda kwenye hasira, ukafika, ukarudi. "Basi na miye nilimuponyesha," akasema. Na jioni ile ile, nasikia, alikuwa anawaeleza watu namna alivyompandisha peke yake. Baada ya hapo walijitokeza wengi. Ukiwahesabu wote waliosema walibeba mbwa yangu, ngobyi ile ingehitaji miti mirefu kufika Bugarama.

Lakini nyumbani Mama wa batoto alikuwa ametuona kutoka kilima cha pili. Kutoka mbali namna ile ngobyi inaonekana, mbwa haonekani. Aliona mlango wake mtupu unakuja juu ya mabega ya mume wake na ndugu yake, akakaa chini uani, mikono kichwani. Majirani wakaja. Wale wale waliosema ni uzee walikuja, wamama wakamshika mabega, muntu mmoja akaleta mtungi wa urwagwa, pombe ya ndizi, kama inavyofanywa msibani, na mzee wa ngobyi akaja na fimbo yake akakaa upande wa wanaume. Kwa mbwa! Tulipokuwa tunaingia niliona ua umejaa, nikafikiri ni mmoja wa batoto.

Mbwa hakuwa na habari. Alipita katikati ya miguu ya watu, akaenda mpaka kwa Mama wa batoto pale chini, akamgeuzia mgongo kama kawaida yake, akalala amembana.

Mama wa batoto aliweka mkono mmoja juu ya mbavu zile, akauacha hapo. Mwenye mtungi aliutazama mtungi wake, akasema ameubeba kutoka mbali na kuurudisha ni kazi. Tukanywa. Shemeji akahadithia mlima wote, na shingo ya mchuuzi, na mizani ya kahawa, watu wakacheka mpaka wakalia kilio walichokuwa wamekileta. Yule mbwa aliishi akaona mavuno mengine, na mengine tena.

Mzee wa ngobyi alikunywa kidogo, akanivuta pembeni. Hakuwa na furaha, wala hakuwa na ubaya.

"Ukiulizwa," akaniambia, "ujue kusema siye hatukukupa ngobyi ya kilima."

"Nitasema, Muzee," nikamjibu. "Nitasema tulibeba na ya kwetu."